Sukari Nguru Si ya Chang'aa Pekee: Nilivyopika Sukhdi ya Wahindi Kule Nyacheki

Kama umekulia Bobasi, kuna mambo mawili unayajua kuhusu sukari nguru bila kufundishwa na mtu. La kwanza, ni tamu kushinda peremende yoyote ya dukani, na hakuna mtoto ambaye hajawahi kumegua kipande kisirisiri. La pili, mtu mzima akionekana amebeba kilo mbili za sukari nguru, hakuna anayemuuliza anaenda kupika nini. Watu wanajua. Ni chang'aa.

Mimi nilikuwa nimesahau hilo la pili.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi. Nilishuka matatu sokoni Nyacheki nikitokea Kisii mjini, nikaingia duka la kwanza na kuitisha sukari nguru kilo mbili. Mama wa duka akaniangalia kutoka viatu hadi nywele.

"Ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

Akanifungia kwa gazeti, hakusema kitu kingine. Kutoka sokoni hadi kwetu ni mwendo wa kama nusu saa kwa mguu. Nilipofika nilikuta habari zimenitangulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Uliacha chuo, nikanyamaza," akasema. "Sasa unataka kupika pombe kwa boma langu?"

Nikacheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa la siku hiyo, maana mama hakuwa na mchezo. Mdogo wake, mjomba niliyempenda sana, alianza na glasi moja ya jioni. Siku hizi tukimtaja tunasema "alikuwa". Na si sisi peke yetu. Kwetu, ukitaja sukari nguru mbele ya akina mama, wengine wanafikiria chai, wengine wanafikiria jeneza.

Nikafungua begi haraka, nikatoa unga wa chapati, iliki na kopo la samli. "Sipiki pombe, mama. Napika sukhdi. Ni kitu cha sherehe cha Wahindi."

"Wahindi," akarudia, kwa sauti ya mtu anayesikia uongo wa aina mpya.

Goli gani tena?

Nirudi nyuma kidogo. Karo iliponishinda nikaachana na chuo, nilipata kazi ya kubeba na kupanga bidhaa kwa duka moja Kisii mjini. Wenyewe ni familia ya Wagujarati, na mama mwenye duka tulimwita masi, yaani mama mdogo kwa lugha yao. Alikuwa mkali kwa hesabu, lakini chai ya saa nne hakuwahi kuisahau.

Diwali ilipofika, mzee wa duka alileta vitabu vipya vya hesabu vikafanyiwa maombi. Kwa Wagujarati wengi, siku inayofuata Diwali ndiyo mwaka mpya, na mfanyabiashara hufunga vitabu vya zamani na kufungua vipya. Masi naye alileta sahani ya chuma iliyofunikwa. Ndani kulikuwa na vipande vya rangi ya kahawia, vimekatwa kama almasi.

Nilikitia kimoja mdomoni nikanyamaza. Kilivunjika chenyewe kwa ulimi. Kilikuwa na harufu ya samli na iliki, lakini chini yake kulikuwa na ladha ninayoijua. Ladha ya utoto wangu.

"Masi, hii imewekwa nini?"

"Vitu vitatu tu. Unga, samli, na gol."

"Goli? Goli gani tena?"

Alicheka hadi akashika meza. Akaenda jikoni, akarudi na bonge la sukari nguru lililofungwa kwa karatasi. Gol ndilo jina lake kwa Kigujarati. "Hii hatuagizi India," akaniambia. "Hii ni ya hapa hapa kwenu."

Wasee, mimi nimekulia katikati ya miwa. Nimeona vijana wa rika langu wakisukuma miwa kwenye mashine za kukamua, maji yake yakichemshwa kwenye karai kubwa juu ya moto wa makapi ya miwa hiyo hiyo, povu likienguliwa, hadi uji mzito unamiminwa kwenye vibao na kuganda. Ukanda huu wa Gusii kusini hadi Transmara ni wa miwa na viwanda vidogo vya sukari nguru. Lakini hakuna siku niliyowahi kuona sukari nguru ikiwekwa kwenye sahani ya heshima, ikafunikwa, ikapewa wageni. Mhindi ndiye alinionyesha.

Waliikuta, au waliileta?

Ukilifuatilia neno lenyewe utashangaa. Kamusi nyingi zinaandika "sukari guru", sisi huku tunasema nguru. Hilo "guru" ni ndugu wa "gur", ambalo ni jina la sukari hii kwa Kihindi. Hata "duka" tunalosema kila siku ni jamaa wa "dukan" ya Kihindi na Kigujarati. Kumbe tumekuwa tukiongea na hawa watu muda mrefu bila kujua.

Wengi hudhani Wahindi wote walikuja kujenga reli. Ni kweli kwamba kati ya 1896 na 1901 zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India, lakini wengi wao walitoka Punjab, na wengi walirudi kwao kazi ilipokwisha. Wafanyabiashara ni hadithi nyingine. Wengi wao walitoka Gujarat na Kutch, na walikuwa Zanzibar na Mombasa kabla ya reli. Maarufu kati yao ni Alidina Visram, mzaliwa wa Kutch, aliyefungua maduka kutoka pwani hadi Uganda kabla ya kufariki 1916. Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, maduka ya Wahindi yakaendelea kuingia ndani zaidi, yakapanda milima hadi Getembe, ambao ndio mji wa Kisii. Julai 2017, serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 la Kenya.

Sasa jiulize. Zaidi ya miaka 100 tumenunua sukari, blanketi na misumari kwao. Chapati, bajia na sambusa tumechukua, tena siku hizi tunasema ni vyakula vyetu. Lakini hii sukhdi, ambayo inahitaji kitu kinachotengenezwa kwetu nyumbani, imebaki nyuma ya kaunta.

Kwao si kitu cha Diwali pekee. Mtoto akienda shule ya mbali anafungiwa sukhdi. Mama akijifungua anapikiwa yenye tangawizi kavu na gundi ya mti inayolika, ili apate nguvu. Kule Gujarat kuna mahali panaitwa Mahudi, penye hekalu la Wajaini, ambapo sukhdi hutolewa kama sadaka na desturi inakataza kuitoa nje ya eneo la hekalu. Unakula hapo hapo, unashiba, unaenda. Kwingine kote husafirishwa, na inasafiri vizuri kwa sababu haina maji wala maziwa ndani yake.

Kosa langu la kwanza

Kabla ya kwenda kujiaibisha Nyacheki, nilijaribu kwanza kwa chumba changu cha kukodi Kisii. Masi alikuwa ameniambia kila kitu, lakini mimi ni yule mtu wa kusikia nusu. Nilikaanga unga vizuri, nikatia sukari nguru, kisha nikaiacha juu ya moto "iive vizuri". Ilichemka ikapendeza macho. Nikamimina kwenye sahani, nikasubiri ipoe.

Ilikuwa jiwe. Kisu kilipinda. Jirani yangu alisema afadhali jiwe la Tabaka, hilo angalau linachongeka.

Nilipomweleza masi, hakunipa pole. "Nilikuambia uzime moto kwanza," akasema. "Ndiyo uweke gol."

Na hapo ndipo siri yote ilipo. Sukari nguru ina maji kidogo ndani yake. Ukiiyeyusha kwa joto lililobaki kwenye unga na samli, inalainika, inashika unga, na ikipoa inabaki laini. Ukiendelea kuichemsha, yale maji yanatoka, sukari inakuwa nzito zaidi, na ikipoa inaganda kama peremende ngumu. Unga ndio unaopikwa. Sukari nguru haipikwi, inayeyushwa tu.

Mahitaji

Haya yanatosha trei moja ya kama vipande 25 hadi 30 vidogo:

- Unga wa chapati wa brauni, vikombe 2
- Samli, kikombe 1
- Sukari nguru iliyokunwa, kikombe 1 kilichoshindiliwa
- Iliki iliyosagwa, nusu kijiko cha chai
- Tangawizi kavu ya unga, nusu kijiko cha chai (ukipenda)
- Njugu zilizokaangwa na kupondwa, au ufuta, kiganja kimoja (ukipenda)

Kuhusu sukari nguru yetu, kuwa mkweli na macho yako. Mara nyingi ina vipande vya makapi na hata mchanga. Vunja bonge, likune kwa kikunio au likate kwa kisu, kisha chekecha na kuchagua uchafu. Usiilowanishe. Inuse pia. Ikiwa ina harufu ya chachu, imekaa kwenye unyevu na tayari imeanza safari ya kwenda kwa mtungi. Tafuta nyingine.

Samli ndiyo itakayouma mfuko. Unaweza kujitengenezea: chukua siagi isiyo na chumvi, iyeyushe kwa moto mdogo hadi povu litulie na chembechembe za chini ziwe kahawia, kisha chuja. Nusu kilo ya siagi inatoa karibu gramu 400 za samli. Kama kwenu kuna ng'ombe, utando wa juu wa maziwa yaliyochemshwa ukikusanywa kwa siku kadhaa na kusukwa unatoa siagi nzuri tu. Mafuta ya kupikia ya kopo? Nilijaribu. Yanashika vizuri lakini yanaganda kwenye kaakaa, na harufu ya sherehe inapotea. Kama ni lazima, changanya nusu kwa nusu.

Jinsi ya kupika

Paka trei au sahani pana samli kidogo, weka kando. Fanya hivyo kwanza, maana mwisho wa kazi hutakuwa na muda.

Weka sufuria nzito kwenye moto mdogo, tia samli. Ikishayeyuka, mimina unga wote na uanze kukoroga kwa mwiko. Usiache mkono. Usiangalie simu. Mwanzoni itakuwa nzito kama ugali, baadaye inalegea na samli inaanza kujitenga pembeni. Dakika 10 hadi 15 hivi, unga utabadilika rangi uwe kama biskuti, na nyumba itanukia kama mtu amekaanga njugu. Hiyo harufu ndiyo saa yako. Ukiitoa mapema, sukhdi itakuwa na ladha ya unga mbichi. Ukichelewa, itakuwa chungu.

Sasa zima moto. Kama unatumia kuni au makaa kama sisi, toa sufuria kabisa na uiweke chini. Hesabu dakika moja au mbili. Tia iliki, tangawizi na sukari nguru, koroga haraka hadi usione tena mabonge.

Mimina kwenye trei upesi. Chukua bakuli dogo, lipake samli chini, kandamiza nalo hadi juu pawe sawa. Nyunyiza njugu. Kata vipande ikiwa bado ina joto, lakini usivitoe hadi ipoe kabisa. Ukisubiri ipoe ndipo ukate, itavunjika ovyo.

Weka kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Itakaa wiki moja hadi mbili bila friji, kama ndugu zako watairuhusu ifike huko.

Na kabla mtu hajaniambia sukari nguru ni dawa: sukari nguru ni sukari. Ina madini kidogo kuliko ile nyeupe haina, lakini mwenye kisukari asidanganywe na rangi. Kipande kimoja na chai ya rangi isiyo na sukari kinatosha.

Jikoni kwa mama

Tukarudi pale mlangoni. Mama hakuwa ameniamini, lakini aliniachia jiko kwa sharti moja: atakaa hapo hapo kwenye kigoda hadi nimalize. Hilo nalo lilikuwa kituko, maana kwetu kijana aliyetahiriwa hana shughuli ya kukaa jikoni kwa mama yake. Baba mdogo alipita, akachungulia, akauliza kwa Kigusii kama siku hizi omomura ndiye anapika. Mama akamjibu, "Mwache. Afadhali awe hapa."

Nilikoroga ule unga jasho likinitoka. Moto wa kuni hauna swichi, kwa hivyo kila ukipanda nilikuwa navuta kuni nje. Harufu ilipobadilika mama aliinua kichwa. Nikatoa sufuria motoni, nikaiweka chini, nikahesabu kwa sauti. Nilipotia sukari nguru aliinuka kuangalia ndani. Nadhani alikuwa bado anasubiri kuona maji na hamira.

Nikakandamiza, nikakata, tukasubiri. Yeye ndiye aliyechukua kipande cha kwanza. Akatafuna polepole. Akachukua cha pili.

"Mjomba wako angeipenda hii," akasema. Kisha akatoka nje kwenda kuangalia kuku, na mimi nikabaki nikikwaruza sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukwaruzwa.

Krismasi hiyo tulikuwa na soda, mandazi, kuku, na trei tatu za sukhdi. Binamu zangu kutoka Nairobi waliipiga picha kabla ya kuila. Watoto walimaliza trei moja kabla ya maombi. Hakuna aliyeuliza kwa nini niliacha chuo, au labda waliuliza nikiwa nje, lakini angalau wakati huo walikuwa wanatafuna.

Jioni akaja mama mmoja jirani. Sitamtaja, kwa sababu kila mtu kwetu anajua anachouza, na kila mtu anajua pia kwamba watoto wake wamesoma kwa mtungi huo. Watu wanamlaani Jumapili na kumkopa Jumatatu. Alionja kipande, akakigeuza akakiangalia chini, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Kilo moja ya nguru inatoa trei ngapi?"

"Tano hivi, mama."

"Na inakaa siku ngapi?"

"Wiki mbili, ikifungwa vizuri."

Akanyamaza, akihesabu. "Na chifu akija?"

"Utamkaribisha na chai."

Alicheka, na sote tukacheka. Lakini akaendelea kuhesabu. Akaniuliza bei ya samli, nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Hiyo samli ndiyo itanimaliza," akasema, na hapo alinishika, maana ni kweli. Kilo moja ya sukari nguru inataka zaidi ya kilo moja ya samli, na mteja wa jioni anataka kitu cha bei ya sarafu chache. Siwezi kukudanganya kwamba sukhdi itafunga mitungi ya Bobasi. Mtu hapikii pombe kwa kukosa mapishi.

Ila alipokuwa anaondoka alinirudisha nyuma kidogo. "Ukikata vidogo zaidi," akasema, "ukiuzia watoto wa shule... halafu ng'ombe wangu anazaa Februari." Hakumaliza. Alifunga vipande viwili kwenye leso akaenda navyo.

Mimi sijui atafanya nini. Ninachojua ni kwamba mara ya mwisho niliponunua sukari nguru sokoni Nyacheki, mama wa duka aliniuliza tena ni ya nani. Nikamwambia ni yangu. Akanifungia kwa gazeti, kisha akasema polepole, bila kuniangalia usoni:

"Mama yako alisema ukipika tena, uniletee kipande."

Kwa hivyo kama una sherehe inayokuja, iwe ni Diwali kwa jirani, Krismasi ya familia au siku ya mdogo wako kutoka jandoni, jaribu. Vitu vitatu tu. Na tafadhali, zima moto kwanza.